Nyota Mbili za Jaji

Jaji hakuwahi kukalia kiti cha hukumu hata siku moja. Mahakamani aliingia mara moja tu maishani mwake, kumdhamini shemeji yake. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Anabisha hodi, anaingia uani kwa watu, anainama, anafuta tope kwenye kioo cha mita, ananakili tarakimu, anabishana kidogo na mwenye nyumba anayeapa kwamba maji hayo hakuyatumia yeye, anatoka. Jina la Jaji lilitokana na gazeti la Jumamosi, ambako alipewa safu ya kuhukumu riwaya: za upelelezi, za ujasusi, na zile za kukukausha mate. Kila wiki riwaya moja, na kila riwaya na nyota zake, kuanzia moja hadi tano.

Tano? Thubutu! Tangu safu ianze hakuna mwandishi aliyeziona tano, wala nne, wala tatu. Sheria Jaji aliitunga mwenyewe na akaitangaza gazetini kwa herufi nene. Anasoma hadi nusu ya kitabu. Akifika hapo anakunja ncha ya ukurasa, anafunga kitabu, na kumtaja muuaji, mtu mmoja tu, mbele ya shahidi. Kisha anamalizia. Akiwa amepatia, kitabu hakipati zaidi ya nyota mbili hata kama kimeandikwa kwa asali, maana kufuli linalofunguka kwa pini ya nywele si kufuli. Akiwa amekosea, mwandishi ajichukulie zote tano. Na kwa kuwa Jaji alipatia kila wiki, bila kukosa, waandishi walimwogopa kuliko mkaguzi wa kodi. Watu walisema ana jicho la tatu.

Jicho la tatu, wapi! Alikuwa na mke.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ilikuwa mama mmoja mpole aliyekaa mapokezi katika kliniki ya meno. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi, na kwa kuwa mumewe alimwandika hivyo gazetini kila Jumamosi, mtaa mzima ulimwita Bi Shahidi, hata muuza mkaa. Kazini alizoea kuwaambia watu kwamba haitauma huku akijua fika kwamba itauma. Labda ndiko alikojifunzia.

Mambo yalikwenda hivi. Baada ya kula, Jaji anakaa kwenye kiti chake cha mikono ya mbao, mkewe anapiga pasi sare za kliniki. Nusu ya kitabu ikifika, kidole kinapanda juu. "Shahidi! Muuaji ni mfamasia." "Sawa," anasema Bi Shahidi. Pasi haijapoa, kidole kimepanda tena. "Lakini na yule mjane simwamini." "Sawa." "Halafu huyu mtunza bustani, mbona kila akitajwa yupo karibu na dirisha?" "Sawa, baba." Birika linapochemka, hakuna mtu kitabuni ambaye Jaji hajamkamata isipokuwa marehemu, na kuna wiki moja hata marehemu alikamatwa. Kisha Jaji anasoma hadi mwisho, anashusha miwani, anauliza kwa sauti nzito, "Shahidi, nilimtaja nani?" Na Bi Shahidi, ambaye kitabu hicho alikwisha kukisoma mapokezini huku mgonjwa akilia ndani, anajibu taratibu, "Ulimtaja mjane."

"Si nilikwambia!"

Wala haukuwa uongo mtupu. Mjane si alitajwa? Kila mtu alitajwa. Ulikuwa uongo uliochanganywa na maji ili unyweke.

Msimlaumu upesi. Riwaya ya kwanza kabisa, ya kujipima kabla safu haijaanza kutoka gazetini, alisema kweli: ulimtaja kasisi, ukakosea. Loo! Jaji alinuna kama mtu aliyefiwa. Chakula hakipiti, salamu haitoki, huko kazini akasoma mita ya mama mmoja kinyume, akaiandikia nyumba ya watu wawili maji ya kutosha kuogesha jeshi. Wiki iliyofuata mkewe akaona, yote haya ya nini? Akachagua jina moja katika yale yaliyotajwa, akamkabidhi mumewe ushindi, na nyumba ikacheka. Mapenzi yana njia nyingi za kupita, hii ilikuwa mojawapo. Kwamba kila ushindi wa mumewe ulikuwa unamvua nyota mwandishi fulani mahali fulani, hilo Bi Shahidi hakulifikiria. Waandishi hakuwajua. Mume alimjua.

Mpaka na yeye alipokuwa mwandishi.

Alianza kwa mzaha, kwenye kompyuta ya kliniki, kati ya mgonjwa anayeingia na mgonjwa anayetoka shavu limevimba. Sentensi moja ikaita nyingine. Akajipa jina la uandishi alilolisoma kwenye kopo la rangi ya ukuta, akapeleka kazi yake kwa wachapishaji bila kumwambia mtu, na siku walipomjibu kwamba wameipenda, alijifungia chooni akalia kwa furaha hadi daktari akadhani anaumwa jino. Riwaya iliitwa Mpangaji wa Chumba cha Uani. Mpangaji anakutwa amekufa, kikombe kiko mezani, mlango umefungwa kwa ndani. Wanaoshukiwa ni dereva mwenye hasira, mfamasia mwenye madeni, mpwa wa marehemu anayevaa kuliko mshahara wake, na askari mstaafu asiyelala. Yupo pia mama mwenye nyumba, ambaye anafagia, anapika, anakubaliana na kila mtu, na hakuna anayemtazama mara mbili. Muuaji ni yeye.

Sasa sikilizeni kilichokuwa hatarini. Bi Shahidi alikwisha kuandika riwaya ya pili, na mhariri wake, mwanamke wa maneno ya haraka aliyemjua kwa simu tu, alimpigia kazini.

"Mama, hicho cha pili nimekisoma nikaunguza sufuria mbili. Lakini bosi hatii sahihi mpaka aone Jumamosi. Jaji amepelekewa cha kwanza. Akitoa hata tatu, tunachapa. Akitoa mbili zake za siku zote, hicho cha pili wasomee wajukuu."

"Huyo Jaji ni mtu gani hasa?" aliuliza Bi Shahidi, kwa sauti ya mapokezi.

"Shetani, mama. Anajua kila kitu. Sijui anakaa na nani huyo mtu."

Bi Shahidi alikata simu, akakaa na tabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mumewe hajawahi kupatia tangu azaliwe, atapatia leo? Safari hii hata uongo hautahitajika! Atakosea kama kawaida yake, yeye atasema kweli tupu, nyota tano zitadondoka zenyewe. Atanuna, sawa, na anune, atampikia uji. Lakini kitabu kile cha pili alikitaka kitoke. Maisha yake yote alikuwa amekubali: kwa wazazi alikubali, kwa mume alikubali, kwa daktari wa meno alikubali hata zamu za sikukuu. Kuandika ndicho kitu cha kwanza alichofanya bila kumuuliza mtu, na alikipenda kwa uchungu.

Bahasha ya kaki ikaja kutoka gazetini. Baada ya kula, Jaji akavaa miwani, akajiegemeza. Bi Shahidi akaweka sare kwenye meza ya pasi, akajifanya hana habari. Ukurasa baada ya ukurasa. Mahali fulani Jaji alicheka, na moyo wa mkewe ukaruka. Mahali pengine akasema, "Eh, huyu anajua nyumba," na mkewe akapiga pasi kola moja mpaka ikawa ngumu kama ubao. Nusu ikafika. Ncha ya ukurasa ikakunjwa, kidole kikapanda.

"Shahidi! Muuaji ni mama mwenye nyumba."

Kulitokea harufu. Bi Shahidi akainua pasi, sare ilikuwa imepata alama ya kahawia mgongoni.

"Nani?"

"Mama mwenye nyumba."

"Yule anayefagia?"

"Huyo huyo."

"Hebu, baba, fikiri vizuri. Na dereva je? Dereva si alisema atamfundisha adabu marehemu?"

"Dereva! Mtu akinuna tu uso mzima unaonyesha. Huyo hawezi kuficha hata njaa."

"Na mfamasia? Sumu si anayo yeye?"

"Kuwa na sumu si kitu. Hata sisi tuna ya panya."

"Mpwa anavaa sana, lakini."

"Avae. Ujana." Jaji akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Sauti yake ilikuwa tulivu, si ile ya gazetini. "Huyu mama anakubali kila kitu. Umemwona? Ukimwambia mvua itanyesha, sawa. Ukimwambia haitanyesha, sawa. Hakuna binadamu anayekubali kila kitu. Mtu wa namna hiyo ana lake moyoni, na ana akili kuliko wote mle ndani. Ni yeye, sibadilishi."

Bi Shahidi alikaa chini. Akamtetea, maskini, kama mtu anayemtetea ndugu. Mama wa watu yule, anapika, anafua, kosa lake nini? Kosa lake, alijibu Jaji, ni kwamba hakuna aliyemuuliza amechoka au la. Kisha akarudi kwenye kitabu, na hakutaja mtu mwingine. Birika lilichemka, likatulia, na katika riwaya nzima aliyekamatwa alikuwa mmoja tu.

Kwa siku kadhaa Bi Shahidi alitembea kama aliyepigwa. Kazini alimpa mgonjwa wa kung'olewa miadi ya mgonjwa wa kuzibwa. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani. Miaka yote mtu hajui kuotea hata rangi ya gari litakalopita, leo hii, kwenye kitabu chake yeye, ndiyo macho yanafunguka? Na hapo hapo, chini ya hasira, kulikuwa na kitu kingine kilichomtia haya: alifurahi. Mumewe alikuwa amemwelewa yule mama. Alimwelewa kuliko mhariri, kuliko yeye mwenyewe alivyomwandika. Furaha ile ilimuumiza zaidi, kwa sababu ilikuwa inagharimu kitabu cha pili.

Jumapili alasiri Jaji akafika mwisho. Akafunga kitabu, akakiweka mezani.

"Shahidi, nilimtaja nani?"

Haya. Hapo ndipo penye kisa chote, na wala hapahitaji maelezo mengi. Akisema kweli, mumewe anapata ushindi wake wa kwanza wa haki tangu safu ianze, na kitabu cha pili cha mkewe kinakufa. Akisema uongo, anamnyang'anya mwenzake kitu pekee alichowahi kukipata kwa akili yake mwenyewe. Bi Shahidi aliangalia mikono yake. Aliwaza, nimempa ushindi kila wiki, akinikopesha huu mmoja atapungukiwa nini? Hana habari hata kama ni wa kweli.

"Ulimtaja dereva," akasema.

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, na Jaji alisubiri mpaka ukutani pakanyamaza.

"Rudia."

"Dereva. Ulisema ana hasira."

"Mama," alisema Jaji, polepole, "wiki nyingine zote huwa sikumbuki nilisema nani. Nasema huyu, nasema yule, mwishowe nakuuliza wewe. Lakini mara hii nakumbuka. Nilimtaja mama mwenye nyumba. Wewe ndiye uliyemtaja dereva."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Bi Shahidi ilikuwa imeishia kwenye kochi. Uso ulimwaka moto.

"Sasa nieleze," Jaji akaendelea. "Kama umenidanganya leo, umenidanganya na lini?"

Jaji akainuka, akaenda kwenye kabati la vitabu. Akatoa riwaya moja ya jasusi mwenye mguu wa bandia. "Hiki nilipatia?" Bi Shahidi akatikisa kichwa. "Na hiki?" Hapana. "Hiki cha mjane?" Hapana, baba. "Hiki je, ambacho niliandika kwamba hata mtoto angemjua muuaji?" Hapo Bi Shahidi alianza kulia, maana kwa kile mumewe alikuwa amewakamata watu wote pamoja na mpishi, na mwenye hatia alikuwa pacha wa mpishi. Jaji akaviweka vitabu sakafuni kimoja kimoja, na rundo likazidi kukua.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Ulinuna sana ile mara ya kwanza. Sikuweza kukuona vile."

"Ningenuna, ningemaliza!" Jaji alipaza sauti, na haikuwa desturi yake. "Mtu mzima ananuna, anamaliza, anajifunza. Wewe umeninyang'anya hata kushindwa kwangu. Nimetembea na kofia ya idara ya maji kichwani nikijiona mtu kati ya watu, kumbe ni maigizo, mwandishi ni wewe!"

Kwa neno hilo la mwandishi, Bi Shahidi aliona hakuna la kuficha tena.

"Na hicho kilicho mezani nacho nimekiandika mimi."

Jaji aligeuka. Akakitazama kitabu, akamtazama mkewe, akarudia kukitazama kitabu. Bi Shahidi akamweleza vyote: kompyuta ya kliniki, kopo la rangi, mhariri, kitabu cha pili, bosi anayesubiri Jumamosi. Alisema kwamba anaona aibu, na kwamba pamoja na aibu yake bado anakitaka kitabu hicho cha pili kitoke, anakitaka mno, na akiambiwa achague tena hajui atachagua nini. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo tangu waoane.

"Ndiyo maana," alisema Jaji.

"Ndiyo maana nini?"

"Nilipokuwa nasoma nilikuwa nasikia kama mtu anatembea jikoni."

Akachukua rundo lake la vitabu, akaenda nalo chumbani, akafunga mlango. Wiki ile alikula vizuri, akasalimia vizuri, akasoma mita kwa usahihi, na jioni akaandika. Akiulizwa anaandika nini alijibu, "Masahihisho." Bi Shahidi akaanza kupata tumaini. Mtu anayesahihisha makosa yake ana moyo laini, alijiambia. Na mke ni mke. Zote tano hazitaki, hata tatu zinatosha.

Jumamosi gazeti likaja. Ukurasa mzima, si safu. Jaji alikuwa amekiri mbele ya wasomaji wote kwamba hajawahi kupatia, kwamba kumbukumbu yake ni ya kuku, na kwamba kwa mujibu wa sheria yake mwenyewe kila mwandishi aliyemshinda anastahili nyota zote tano, na leo anarudishiwa. Zikafuata riwaya, moja chini ya nyingine, tano, tano, tano. Jasusi wa mguu wa bandia, tano. Pacha wa mpishi, tano. Hata ile riwaya mbovu ambayo mwandishi alisahau katikati ni nani aliyekufa ilipata tano, kwa kuwa Jaji naye hakumjua muuaji, na haki ni haki. Inasemekana mwandishi mmoja aliyekwisha kuacha kalamu akauza vigae alifunga duka siku ile akarudi kuandika. Kuhusu shahidi, Jaji aliandika sentensi moja tu: kosa la kuotea ni langu, yeye alinihurumia.

Bi Shahidi alisoma kwa kidole, akishuka, akishuka. Mpangaji wa Chumba cha Uani kilikuwa cha mwisho kabisa. Chini yake kulikuwa na maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaandika Jaji juu ya kitabu chochote. Alisema mwandishi huyu anaijua nyumba kama fundi anavyoijua saa, alisema yule mama hatamtoka moyoni, alisema ni kitabu cha kununuliwa na kila mwanamume mwenye mke. Na baada ya maneno hayo yote, nyota mbili.

Simu ilianza kulia kabla hajakunja gazeti. Alijua ni mhariri, akaiacha ilie mpaka ichoke. Mkuki kwa nguruwe: miaka yote nyota za watu zilipokatwa alipiga pasi, leo zimekatwa zake.

Jaji alikuwa anavaa viatu vyake vya mpira mlangoni. Kulikuwa na mita za upande wa chini hazijasomwa.

"Baba," alisema Bi Shahidi, gazeti mkononi. "Nchi nzima umeipa tano. Hata yule aliyesahau ni nani aliyekufa umempa tano. Mimi mbili?"

"Wote hao walinishinda. Wewe nilikupatia."

"Ungeongeza moja tu! Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Na wewe ungenishuhudia." Akafunga kamba ya kiatu, akainuka, akamtazama mkewe usoni kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama miaka mingi, na machoni hakuwa na hasira. "Mama, kitabu kizuri. Ningekuwa sikujui, ningekupa zote."